Kwa Nini Inaitwa Tasa?

Swali hili hatukulipata chuo cha theolojia wala kwenye kikao cha wachungaji. Tuliulizwa Ipogolo, kwenye kibaraza cha mama mmoja wa usharika, jioni moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa imeanza kushuka na malori yaendayo Tunduma yakinguruma barabarani. Mtoto wa jirani, msichana wa darasa la tano, alikuwa amekaa chini ya taa na daftari lake, maana kwao Luku ilikuwa imekwisha. Akasoma kwa sauti swali la mwalimu: taja namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Mama yule alikuwa anachambua nyanya za kupeleka sokoni kesho yake. Akaacha kuchambua, akatutazama. "Baba Mchungaji," akasema, "hiyo namba imefanya nini mpaka ikaitwa tasa?"

Msichana akacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tunamfahamu mama huyu. Ana miaka hamsini na kitu, yuko katika ndoa kwa karibu miaka thelathini, na hakujaliwa kupata mtoto. Tunaandika habari zake kwa ruhusa yake, naye ametuomba jambo moja tu, tusimtaje jina.

Wapendwa, neno hilo si geni kwa yeyote kati yetu. Ng'ombe akiwa tasa huuzwa kwa mchinjaji. Mwanamke akiwa tasa, au akidhaniwa kuwa tasa, haambiwi usoni. Huambiwa mlango ukishafungwa, au huimbiwa mafumbo na mawifi wakati wa kupika kwenye sherehe. Na tuseme ukweli, ni neno tunalomtupia mwanamke hata pale ambapo hakuna aliyewahi kumpima mwanamume. Kumbe neno hilo hilo tumeliweka kwenye kitabu cha Hisabati, na watoto wetu wanalikariri kila mwaka bila kusikia uzito wake. Mama yule aliusikia.

Kwa wale waliomaliza shule zamani kama sisi, tueleze kwanza namba tasa ni nini. Mama huyu hupanga nyanya zake kwenye meza. Akiwa na nyanya 12 ana uhuru: anaweza kupanga mistari mitatu yenye nyanya nne nne, au mistari miwili yenye sita sita. Zikiwa 15, atapanga mistari mitatu ya tano tano. Lakini zikiwa 13, apange atakavyo, mistari iliyo sawa haipatikani. Ama itabaki nyanya nje, ama atazipanga zote katika mstari mmoja mrefu. Hiyo ndiyo namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ndivyo zilivyo 2, 3, 5, 7, 11, 13, na chini ya mia moja ziko 25. Namba 1 haihesabiwi kati yao, jambo ambalo msichana wetu alikuwa amelikosea wiki iliyotangulia na bado lilikuwa linamuuma.

Sasa tuliangalie jina lenyewe. Ukizidisha 3 kwa 5 unapata 15. Tunaweza kusema 3 na 5 zimeizaa 15. Namba 13 hukuti namba mbili ndogo zilizoizaa. Lakini watoto wake je? Ziko 26, 39, 52, 65, wala hazina mwisho. Ikiwa ni lazima namba hizi zipewe jina la kiukoo, basi zingeitwa yatima, au zingefananishwa na Melkizedeki, ambaye Waraka kwa Waebrania unamleta mbele yetu bila baba wala mama. Tasa hazikustahili kuitwa kamwe. Wagiriki wa kale waliziita namba za kwanza, na lugha nyingi za Ulaya zikafuata hivyo hivyo. Hatumlaumu aliyetuchagulia neno la Kiswahili. Huenda aliona namba iliyokaa peke yake, isiyotoa mafungu, akatumia neno lililokuwa karibu na mkono. Ila jina limekaa kichwa chini.

Na namba hizi si za kigeni kama wengi wanavyodhani. Tukitoka Ipogolo kwenda Mafinga tunapita Isimila, ambako watu wa kale waliacha mashoka yao ya mawe. Mbali zaidi, mashariki mwa Kongo, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, kuna mahali paitwapo Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua hapo mfupa mdogo, urefu wake kama sentimita 10, wenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 20,000. Leo mfupa huo umehifadhiwa Brussels. Una alama zilizochanjwa kwa makundi, katika safu tatu. Safu moja ina makundi manne: 11, 13, 17 na 19. Rudi sasa kwenye daftari la msichana wetu. Ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, jibu kamili la swali la mwalimu, limechanjwa na mkono wa Mwafrika kando ya ziwa kabla ya Abrahamu kutoka Uru. Wataalamu wanabishana kama aliyechanja alijua anachokifanya. Wengi wanadhani imetokea tu, kwamba alikuwa akihesabu siku au mwezi. Sisi hatuna haja ya kuamua. Tulimsimulia msichana, akataka kujua kama yule mtu alipata tiki.

Jioni ile, tukiwa na furaha ya mhubiri aliyepata mahubiri ya Jumapili bila kutafuta, tulimgeukia mama tukamwambia: mama, usihuzunike kwa ajili ya namba hizo. Kila namba nyingine imetoka kwao. Chukua 60. Ni 2 mara 2 mara 3 mara 5, na huwezi kuijenga kwa namba tasa nyingine zozote ila hizo. Chukua namba yoyote unayoitaka, ivunje, ivunje tena, mwisho utakuta namba tasa chini kabisa, kama mawe ya msingi. Hizo mnazoziita tasa ndizo mama wa namba zote.

Alitusikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo imesamehewa kwa kuwa imezaa."

Tukanyamaza.

"Na kama isingezaa, Baba Mchungaji?"

Tuliomba pamoja, tukaaga, tukarudi nyumbani kwa miguu. Chuoni tuliwahi kubishana usiku mzima kama Mungu, kwa uweza wake wote, angeweza kuifanya 13 igawanyike kwa mbili. Leo swali lile halitunyimi usingizi. La mama huyu lilitunyima.

Wiki ile tulisoma habari za namba tasa kuliko tulivyosoma maelezo ya Injili ya Jumapili. Habari mbili zilitushika.

Ya kwanza ni ya mtawa wa Ufaransa aitwaye Marin Mersenne. Alipenda namba za aina moja: unachukua 2, unaizidisha kwa 2 tena na tena, kisha unatoa moja. Mbili mara mbili ni 4, toa moja, unapata 3, nayo ni tasa. Endelea mpaka 8, toa moja, 7, tasa. Ukifika 16 unapata 15, si tasa. Ukifika 32 unapata 31, tasa. Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha yake ya zile alizoamini kuwa tasa, na mojawapo ilikuwa ile inayopatikana kwa kuzidisha mbili 67 na kutoa moja, namba yenye tarakimu 21. Alikuwa mtu mwenye jina kubwa, watu wakaichukua orodha. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kuwa namba ile si tasa, ingawa hakuweza kusema imezaliwa na namba zipi. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alizitaja hadharani: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno, akazidisha, akarudi kukaa, watu wakapiga makofi; na kwamba alipoulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu Jumapili za miaka mitatu. Kama mchungaji tungemwuliza ibadani alikuwa anakwenda saa ngapi, lakini hilo tuliache.

Hebu hesabuni wenyewe. Kuanzia 1644 mpaka 1876 ni miaka 232. Miaka yote hiyo namba ile iliandikwa kuwa tasa kwa neno la mkubwa mmoja, wala haikuwa. Nasi tumekaa na ndoa ngapi ofisini, mke amebeba jina hilo miaka kumi, ukoo wa mume umeshakaa vikao vya kumtafutia mume mke mwingine, na siku mume alipokubali hatimaye kupimwa hospitali, ikaonekana shida ilikuwa kwake? Waliomwita mke tasa hawakurudi kumwomba msamaha. Hatukumbuki hata mmoja aliyerudi.

Habari ya pili ni ya namba kubwa. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Mmarekani Luke Durant, akishirikiana na mradi wa watu wa kujitolea unaotafuta namba za Mersenne kwa kompyuta tangu 1996, amepata namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 136,279,841, kisha ukatoa moja. Tarakimu zake ni 41,024,320. Tulijaribu kuiweka katika mizani yetu. Ukiichapisha kwa tarakimu 3,000 kila ukurasa, utahitaji kurasa karibu 13,675, yaani ni rundo la Biblia kumi na zaidi. Ukiamua kuisoma kwa sauti, tarakimu moja kwa sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya siku 475. Na katika kurasa zote hizo, hakuna namba hata moja, ukiacha moja na yenyewe, inayoweza kuigawanya bila baki.

Tena iko hivi: ongeza moja tu kwenye namba hiyo. Papo hapo inasambaratika yote kuwa mbili mbili mbili, mara milioni 136 na zaidi, hakuna kitu kingine ndani yake. Jirani yake anagawanyika kuliko majirani wote, yeye hagawanyiki kabisa. Tulipomweleza hili mwalimu mmoja wa Hisabati katika kwaya yetu alitikisa kichwa akasema ndiyo maana alichagua somo hilo.

Hapa tulijaribiwa kurudia kosa la kibarazani. Iko kanuni nzuri ambayo Euclid wa Aleksandria, huko Misri, aliiandika zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kila namba tasa ya aina hii inatoa namba moja iliyo timilifu, yaani namba inayolingana na jumla ya vigawo vyake vidogo. Tasa 3 inatoa 6, na 6 ni 1 na 2 na 3. Tasa 7 inatoa 28, na 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu kwamba kazi ya uumbaji ilikamilishwa katika siku sita kwa sababu sita ni namba timilifu. Basi hata namba yetu kubwa ya 2024 imetoa namba yake timilifu, yenye tarakimu zaidi ya milioni 82. Mahubiri yalikuwa tayari: aliyeitwa tasa amezaa utimilifu. Tulikwisha kuandika vichwa vitatu. Kisha tukamkumbuka mama na nyanya zake, tukayaacha. Imesamehewa kwa kuwa imezaa. Angesema vile vile, na angekuwa na haki.

Basi tukauliza swali jingine. Namba ile kubwa ina kazi gani? Tunajua namba tasa zina kazi. Tangu mwaka 1977, wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walipobuni njia yao, kufuli nyingi za siri za kompyuta zimejengwa juu ya namba tasa mbili kubwa zilizozidishwa pamoja. Kuzizidisha ni rahisi, kuzitenganisha tena ni kazi isiyowezekana kwa mwizi. Lakini kufuli hizo hutumia namba zenye tarakimu mia chache. Ile yenye tarakimu milioni 41 ni kubwa mno kwa kufuli lolote. Haifungui kitu, haifungi kitu. Haitoi mazao, hailindi fedha za mtu, haitumwi popote. Watu walioitafuta walitumia muda wao na umeme wao, na walipoipata walifurahi, kwa sababu tu ipo na ni jinsi ilivyo.

Na zaidi ya hapo, ilikuwa tasa kabla ya Oktoba 2024. Ilikuwa tasa siku mfupa wa Ishango unachanjwa. Haikungoja kujulikana na mtu ndipo iwe kweli. Na Euclid alikwisha kuonyesha kwamba namba tasa hazina mwisho: taja zote unazozijua, zizidishe pamoja, ongeza moja, na hiyo unayoipata haigawanyiki kwa hata moja kati ya zile ulizozitaja, kwa hiyo iko nyingine ambayo hukuitaja. Yaani ziko ambazo hakuna mwanadamu atakayezifikia mpaka Bwana arudi. Hakuna atakayezitumia wala kuzipigia makofi. Sisi tunaamini Mungu anazijua moja moja, wala hazijui kwa sababu ya faida yake.

Hapo ndipo tulipopata mahali pa kusimama, na tukashangaa kwamba ilibidi tuzunguke mpaka Marekani kupafikia. Maana tulikuwa nako nyumbani. Sisi Walutheri tunafundisha nini watoto wa Kipaimara? Kwamba mtu anahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo yake. Kwamba mti huwa mwema kwanza, matunda hufuata, wala si matunda yanayoufanya mti uwe mwema. Tunalisema hilo kila Sikukuu ya Matengenezo. Kisha tunatoka nje ya kanisa, tunampima mwanamke kwa matendo ya tumbo lake. Tumewaondolea watu mzigo wa kununua mbingu kwa matendo, tukawaachia akina mama mzigo wa kununua heshima kwa uzazi.

Tunakiri mbele yenu kosa letu. Mwaka mmoja, tukiwa bado wachungaji vijana mahali pengine, katika Jumapili ya akina mama tulisema madhabahuni: akina mama wote mliojaliwa watoto simameni mpokee zawadi. Wakasimama, wakapewa khanga. Waliobaki wamekaa walionekana vizuri kabisa, kama mahindi yaliyoruka kuota shambani. Tulidhani tunaheshimu. Hakuna aliyetukemea, na hilo ndilo linalotuuma zaidi, kwamba wao wenyewe waliona ni sawa.

Halafu mahubiri ya Hana. Ni mara ngapi tumemhubiri Hana, na Sara, na Elisabeti, kwa dada asiye na mtoto? Ni habari za kweli na za furaha, hatuziondoi. Lakini zote zinaishia na mtoto mikononi, na anayezisikia kwa miaka thelathini bila mtoto mikononi anabaki na hesabu moja tu: imani yangu haikutosha. Mama wa Ipogolo alituambia baadaye kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiogopa jina la Hana likitajwa, kwa kuwa alijua macho ya watu yatageuka wapi.

Kuna mahali pengine ambapo tulipaswa kumpeleka mapema. Katika sura ya 56 ya Isaya wanatajwa matowashi, watu ambao hawatazaa hata wakiomba miaka mia, na ambao walizoea kujiita mti mkavu. Bwana hawaahidi watoto. Someni wenyewe. Anawakataza kujiita hivyo, na anawapa nafasi ndani ya kuta za nyumba yake na jina ambalo analiweka juu ya kuwa na wana na mabinti, jina lisilofutika. Hawaponywi utasa wao ndipo waingie. Wanaingia walivyo. Hatukumbuki kama tuliwahi kulihubiri neno hilo hata mara moja kabla ya jioni ile ya nyanya.

Tulipolihubiri, mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu, alitufuata ofisini. Akasema, "Mchungaji, umesema vizuri, lakini Mungu aliagiza watu wazae waijaze nchi. Tusije tukawafundisha vijana kudharau uzazi." Ni hoja ya haki, hatukuipuuza. Watoto ni baraka, na anayewakataa kwa ubinafsi ana la kujibu. Lakini tulimwomba afungue sura ile ile ya kwanza ya Mwanzo, mistari michache nyuma, aone kwamba maneno hayo hayo yalisemwa kwanza kwa samaki na ndege. Ni baraka inayomwagwa juu ya viumbe. Haikutolewa iwe kipimo cha kumkagulia mmoja mmoja. Na tukamwuliza, kwa upole kadiri tulivyoweza, Bwana wetu Yesu aliacha watoto wangapi? Mzee alikaa kimya muda mrefu. Alipoondoka alisema atalifikiria, na tunaamini bado analifikiria, kwani mke wa mwanawe wa pili ana miaka saba ya ndoa.

Hatujamaliza na mama. Tulirudi kwake tukiwa na jibu letu, lakini alikuwa na swali jingine tayari. Alisema amehudhuria misiba mingi Ipogolo, na kila mara husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa, akapata Kipaimara, akafunga ndoa, ameacha watoto sita na wajukuu kumi na wanne. Kwa asiye na mtoto husomwa kwamba hakubahatika kupata mtoto, halafu msomaji anashusha sauti na kuharakisha kwenda kwenye ratiba ya mazishi. "Mimi mtanisomea nini?" akauliza. Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

Tulimjibu kwamba hatusomi tena sentensi ile katika usharika huu. Tulikwisha kuliongea na wazee, na wengi walikubali, wengine kwa shingo upande. Akasema vizuri, lakini sentensi ikitolewa patabaki shimo, na watu watalijaza wenyewe. Hilo nalo hatukuwa tumeliwaza. Tukampa karatasi, tukamwambia aandike mwenyewe anachotaka kisomwe.

Msichana wa jirani alikuwepo siku hiyo pia. Sasa alikuwa kwenye namba za 50 mpaka 100, anakata kwa penseli vigawe vya mbili, vya tatu, vya tano, vya saba, kwa njia iliyoachwa na Eratosthenes wa Kirene, mji wa yule Simoni aliyebeba msalaba. Alikuwa ameiacha 91 bila kuikata. Mama, ambaye shule aliishia darasa la saba, alimchukulia viazi 91 kutoka kwenye gunia, wakavipanga sakafuni. Walijaribu mistari ya tatu, ya tano. Kwa saba vikakaa sawa, mistari kumi na mitatu, bila baki. Msichana akaikata 91 kwa hasira. Chini yake ilibaki 97, nayo hawakuijaribu kwa viazi. Mama alisema anaiamini.

Karatasi ilirudi baada ya wiki mbili, imekunjwa ndani ya bahasha ya sadaka. Ina mistari minne. Wa kwanza unataja mwaka aliobatizwa na jina alilopewa siku hiyo. Hakuna neno juu ya watoto, wa kupata wala wa kukosa. Tumeiweka katika kabati la ofisi pamoja na vitabu vya ubatizo, tukimwomba Mungu isihitajike karibuni.